Mguu wa Mende, Ua la Pareto: Maabara ya Neva Hufundisha Nini Hasa?

Mende alikuwa amekaa dakika tano ndani ya kikombe cha maji ya barafu, na sasa hakutikisika. Tulimkata mguu mmoja wa nyuma kwa makasi madogo, tukaulaza juu ya kipande cha kizibo, tukauchoma pini mbili: moja karibu na palipokatwa, nyingine katikati ya paja. Nyaya zilitoka kwenye pini zile zikaingia kwenye amplifaya ndogo inayotumia betri ya volti 9. Spika ilitoa mvumo mwembamba, kama redio iliyokosa stesheni. Kisha msichana aliyesimama karibu na meza akaupulizia mguu ule pumzi. Pa. Pa-pa. Papapapapa. Kama bisi zinapoanza kupasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Chumba kizima kilinyamaza. Hawa walikuwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, hapa Kisumu, na wote walikuwa wameshafanya mtihani wa neva. Wangekuchorea ile grafu maarufu hata gizani stima ikipotea: milivolti 70 chini ya sifuri, mpando wa ghafla kuvuka sifuri, kisha mporomoko. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana na neva yenyewe. Kijana mmoja akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo ni kweli?"

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu. Kijana yule alikuwa amepata alama nzuri katika jambo ambalo, moyoni mwake, halikuwa limekuwa kweli bado. Na mimi niliyemfundisha nilikuwa nikiamini kwamba kazi ya maabara ni kukazia mhadhara: tunasema darasani, tunaonyesha mezani, tunasahihisha ripoti. Siku hizi siamini hivyo tena. Maabara ya neva ina kazi yake, na si kuwa mkia wa mhadhara. Kuieleza kazi hiyo kunahitaji kwanza tuelewe kilichokuwa kikipasuka ndani ya ule mguu.

Seli ya neva hukusanya ndani yake ioni (chembe zenye chaji ya umeme) nyingi za potasiamu na kuzisukuma nje zile za sodiamu. Kwa mpangilio huo wa chumvi, upande wa ndani wa utando hubaki na umeme hasi ukilinganisha na nje. Utando wenyewe una milango midogo ya protini inayosikiliza umeme. Unywele mgumu ulioota juu ya mguu wa mende ukipinda, milango michache chini yake hufunguka na umeme wa ndani hupanda kidogo. Ukifika kizingiti fulani, milango ya sodiamu hufunguka kwa wingi, sodiamu humiminika ndani, na umeme huruka juu. Baada ya kama sehemu moja ya elfu ya sekunde milango hiyo hujifunga yenyewe, potasiamu hutoka, na utando hurudi ulikokuwa. Wakati huo sehemu ya jirani imekwisha kuamshwa, nayo inaamsha inayofuata, kama moto unavyotembea kwenye nyasi kavu za Januari. Huo ndio msukumo wa neva. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliueleza kwa hesabu mwaka 1952 wakitumia neva ya ngisi, ambayo uzi wake mmoja unaweza kukaribia unene wa milimita 1, na mwaka 1963 wakapewa tuzo ya Nobel.

Maelezo hayo yote mwanafunzi anaweza kuyapata kitabuni, na mpaka hapo maabara haijaongeza kitu. Linaloongezwa linaanza pale kitabu na mguu vinapokosana.

Kitabu kinasema msukumo ni wote au hakuna. Ukibonyeza unywele kwa nguvu zaidi, msukumo hauwi mkubwa zaidi, bali misukumo huja kwa kasi zaidi. Edgar Adrian aliligundua hili miaka ya 1920 akisikiliza neva kwa vyombo vya enzi yake, naye akapata Nobel mwaka 1932. Wanafunzi wangu walikuwa wakilijua jibu hili kama wanavyojua wimbo wa taifa. Sasa wakabonyeza kwa kijiti cha meno, polepole kisha kwa nguvu, na kweli mipasuko iliongezeka kasi. Lakini tulipoirekodi kwa simu na kuitazama kwenye skrini, mipasuko mingine ilikuwa mirefu na mingine mifupi. Ile mirefu ilikuwa mara mbili, mara tatu ya mifupi.

Hapo darasa liligawanyika. Wapo waliosema kifaa ni kibovu. Wapo waliotaka kuandika kwenye ripoti kwamba mipasuko yote ilikuwa sawa, kwa sababu kitabu kinasema hivyo. Mmoja, kwa sauti ndogo, akasema labda tunasikia neva zaidi ya moja. Nikamwuliza: ungejuaje? Ilichukua dakika ishirini. Mwishowe walikubaliana kwamba kama ni neva mbili, basi kuugusa unywele mmoja tu kwa ncha ya kijiti kungeweza kuacha urefu mmoja na kufuta mwingine. Wakajaribu. Kwenye unywele mmoja karibu na goti, mipasuko ilibaki ya urefu mmoja. Kwenye mwingine, ilikuwa ya urefu tofauti. Kanuni ya wote au hakuna ilisimama, lakini sasa walijua inahusu nini: kila uzi wa neva una ukubwa wake wa msukumo, na pini iliyo nje husikia kwa sauti kubwa nyuzi nene na zilizo karibu, na kwa sauti ndogo nyuzi nyembamba na zilizo mbali. Grafu ya kitabuni ni ya seli moja iliyochomwa ndani. Sisi tulikuwa nje tukisikiliza umati.

Huwezi kulifundisha hilo ubaoni. Ukilisema ubaoni linakuwa sentensi nyingine ya kukariri.

Mvumo wa stima

Kabla hatujafika kwenye mipasuko, karibu kila kundi hupotelea mahali pamoja. Spika hutoa mvumo mzito usiokoma, "mmmmm", unaofunika kila kitu. Wanafunzi wengi hudhani ndiyo neva. Wanapiga picha, wanaandika.

Neva ya mende, ikisikilizwa kutoka nje, hutoa sehemu ndogo sana ya milivolti moja. Kuta za maabara zimepitishwa nyaya za volti 240 zenye umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mwili wa binadamu hudaka mawimbi hayo kama antena. Ukishika waya kwa kidole, umekuwa sehemu ya saketi. Kwa hiyo mvumo ule ni wa Kenya nzima, mende hana lake humo.

Jinsi ya kuuondoa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana hapa mikono ndiyo inayofikiri. Zima taa ya juu ya meza: mvumo unapungua. Chomoa chaja ya simu: unapungua tena. Sogeza nyaya zikaribiane, zisokote pamoja. Kisha chukua sufuria kubwa ya alumini, ifunike juu ya mguu na pini, unganisha sufuria na waya wa ardhi wa amplifaya. Mvumo unakatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba chumba kilichozungushiwa metali huzuia umeme wa nje kuingia. Sisi tulikuwa na chumba chake, kilichonunuliwa soko la Kibuye, chenye alama ya moshi chini. Siku stima ilipopotea katikati ya somo, wanafunzi walishangilia, kwa sababu betri iliendelea kufanya kazi na mguu ukasikika kuliko siku zote.

Anayetoka hapo amejifunza kutofautisha ishara na kelele. Kazi yoyote ya kupima mwili wa kiumbe, kuanzia kipimo cha moyo hospitalini hadi cha ubongo, husimama au huanguka hapo.

Maabara haikazii mhadhara

Nilitaja kwamba niliacha kuamini kuwa maabara hukazia mhadhara. Si hisia zangu tu. Natasha Holmes na Carl Wieman, wanafizikia wawili wa vyuo vya Marekani, walichunguza kozi 9 za maabara ya fizikia katika vyuo 3, wakilinganisha wanafunzi waliofanya maabara na wasiofanya. Kwenye maswali ya mtihani yaliyohusu mambo ambayo maabara ilikusudiwa kuyakazia, hawakuona faida inayopimika. Fizikia si neva, nakubali. Lakini aina ya maabara waliyoichunguza ndiyo tuliyo nayo sisi wengi: karatasi yenye hatua kumi na mbili, matokeo yanayojulikana tangu mwanzo, ripoti ya kuthibitisha.

Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, nilisahihisha ripoti arobaini za jaribio moja na zote zilikuwa na namba ileile hadi desimali ya pili. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wameelewa vizuri kabisa tulichokuwa tunawalipa alama: jibu sahihi. Anayejua jibu sahihi hahitaji kupima. Siku hizi sisahihishi jibu. Nasahihisha daftari la mezani, lililoandikwa kwa kalamu ya wino papo hapo, pamoja na yaliyokatwa na sababu ya kuyakata. Swali kubwa la alama ni: ulibadilisha nini baada ya kuona matokeo ya kwanza, na kwa nini?

Mfano usiohitaji kifaa chochote ni wa kupima kasi ya neva ya binadamu. Wanafunzi ishirini husimama kwenye duara uwanjani, macho wamefumba, kila mmoja ameweka mkono kwenye bega la jirani. Wa kwanza anabonyeza bega na kuwasha saa kwa pamoja, anayebonyezwa anabonyeza anayefuata, hadi mzunguko urudi. Kisha wanaketi chini na kurudia, safari hii kila mmoja akishika kifundo cha mguu cha jirani. Taarifa ya kutoka kifundoni husafiri kama mita moja zaidi kufika ubongoni kuliko ya kutoka begani. Mengine yote, kufikiri, kuamua, kukaza vidole, yanabaki yaleyale. Ukitoa muda mmoja kwenye mwingine, kinachobaki ni muda wa ile mita moja, mara ishirini.

Hermann von Helmholtz alitumia mantiki hiyohiyo ya kutoa kati ya 1849 na 1850. Mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa ameona kwamba kasi ya neva haitawezekana kupimwa. Helmholtz alichukua neva ya paja la chura ikiwa bado imeshikamana na msuli wake, akaishtua karibu na msuli, halafu mbali na msuli, na kutoa. Akapata takriban mita 27 kwa sekunde. Ni haraka, lakini ni kasi ambayo gari linaloshuka kutoka Kericho kuja Ahero linaweza kuifikia, na habari hiyo ilishangaza watu waliodhani fikra hufika papo hapo.

Sasa fanya hesabu ya duara letu. Nyuzi za mguso za binadamu hupitisha ishara kwa mita kama 50 kwa sekunde. Mita moja ya ziada ni sekunde 0.02 kwa kila mtu. Watu ishirini, sekunde 0.4. Mzunguko mzima huchukua sekunde kadhaa, na kidole kinachowasha na kuzima saa kinaweza peke yake kukosea sehemu kubwa ya hizo 0.4. Mara ya kwanza tulipofanya hivi, kifundo kilishinda bega. Kwa hesabu hiyo, neva ilikuwa ikifika kabla haijaondoka. Wanafunzi waliniangalia kana kwamba wamevunja kitu, na mmoja akapendekeza tuyafute.

Tuliyaacha. Tukakaa kwenye nyasi na kuuliza imekuwaje. Sababu iliwajia wenyewe: bega lilikuwa la kwanza, wakati bado wanacheka na kujifunza mchezo, kifundo kilikuja wakiwa wameshazoea. Walichokuwa wamepima ni kuzoea. Wakarudia kwa kupokezana, bega, kifundo, kifundo, bega, mara nane, wakachukua wastani, na tofauti ikageuka upande unaotarajiwa. Sikuwaambia wapate 50. Waliandika walichopata pamoja na upana wa mashaka yake, na upana ulikuwa mkubwa. Kwa maoni yangu, daftari lenye mashaka makubwa yaliyoelezwa vizuri lina thamani kuliko namba safi iliyonakiliwa.

Pareto

Sehemu hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wa Nakuru.

Watu wa Molo, Kuresoi na Njoro hawahitaji kuambiwa pareto ni nini. Ua lake jeupe lenye kitovu cha njano lilisomesha watoto wengi katika eneo hilo, na kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza dunia kwa kulizalisha. Linaua wadudu. Hayo kila mtu anayajua. Wachache wanajua kwamba linaua kwa kuugusa ule mlango wa sodiamu niliouelezea. Kemikali za pareto hujishika kwenye mlango huo zikauzuia usifunge kwa wakati. Sodiamu huendelea kuvuja ndani, na neva ambayo ilipaswa kutoa msukumo mmoja hutoa mlolongo. Mdudu hutetemeka, hupinduka, kisha hulala. Mbu aliyegusa neti yenye dawa hupatwa na hilohilo, kwa kuwa dawa ya neti, pamethrini na ndugu zake, zimetengenezwa kwa kuiga kemikali za pareto.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi mwenye mguu wa mende, spika na unga wa pareto ana mezani zana za kuchunguza dawa inayofanya kazi kwenye molekuli moja inayojulikana. Na si mchezo wa watoto. Kenneth Roeder na mwenzake Elizabeth Weiant, mwaka 1946, walitumia mguu wa mende kuonyesha kwamba DDT, dawa nyingine ya kuua wadudu, hushambulia seli za hisia zilizo mguuni, nazo zikaanza kufyatua misukumo bila kukoma. Umeme wa mguu uleule, kifaa tofauti tu.

Mara ya kwanza tulipojaribu, nilikosea mimi. Tuliloweka unga wa maua kwenye spiriti usiku kucha, tukachuja, tukachovya upande uliokatwa wa mguu. Ndani ya dakika chache mipasuko ikakoma. Nikawaambia: mmeona, dawa imeinyamazisha neva. Walianza kuandika. Kijana mmoja ambaye kwao walikuwa wakilima pareto akainua mkono.

"Mwalimu, na tukitia spiriti peke yake?"

Tukatia. Mguu mwingine, spiriti tupu. Ukanyamaza vilevile.

Nilikuwa nimefundisha kwa miaka kwamba kila jaribio linahitaji kilinganisho, na mezani kwangu hakikuwepo. Kibaya zaidi, kama ningefikiri kidogo ningejua kuwa ukimya wa mara moja haukupaswa kunifurahisha. Ikiwa pareto inaacha mlango wazi, dalili ya kwanza inapaswa kuwa kelele nyingi kuliko kawaida, kisha baadaye ukimya wa neva iliyochoka. Sisi hatukusikia kelele yoyote. Matokeo yetu yalikuwa yanapinga maelezo yangu, nami nikayasoma kama yanayaunga mkono.

Wiki iliyofuata wanafunzi ndio waliopanga. Walidondosha kiasi kidogo sana cha maji ya pareto kwenye maji ya chumvi, spiriti isizidi sehemu moja kwa mia. Mguu wa pili ulipata maji ya chumvi yenye spiriti kiasi hichohicho bila pareto. Mguu wa tatu maji ya chumvi tu. Aliyehesabu mipasuko kwenye rekodi hakuambiwa mguu upi ni upi. Miguu miwili isiyo na pareto iliendelea kujibu kama kawaida. Ule wenye pareto ulianza kubadilika: pumzi moja fupi, ambayo mwanzo ilileta mipasuko michache, sasa ilileta mvua nzima juu ya mabati iliyoendelea pumzi ikiwa imekwisha. Baadaye sana ndipo ikapungua.

Ndipo maswali yakaanza kuja bila kuombwa. Msichana mmoja kutoka Siaya akauliza kuhusu mbu wa kwao. Vijiji vya Asembo na Gem ndivyo vilivyofanyiwa, miaka ya 1990, utafiti mkubwa wa neti zilizotiwa pamethrini, na nyumbani kwao neti imekuwepo tangu azaliwe. Alikuwa amesikia kwamba mbu wa siku hizi hawafi. Kwa nini?

Jibu moja kati ya kadhaa liko kwenye mlango uleule. Mwaka 2000 watafiti walieleza badiliko walilolikuta kwa mbu wa Anopheles gambiae wa magharibi mwa Kenya: katika mnyororo wa asidi-amino unaounda mlango wa sodiamu, kwenye nafasi ya 1014, lusini ilikuwa imegeuka serini. Kiungo kimoja kimebadilika, dawa hushindwa kujishika vizuri, mlango hufunga kama kawaida, na mbu huondoka kwenye neti akiwa hai. Nilipoeleza haya kwa wanafunzi waliokwisha kusikia kwa masikio yao mlango ukikataa kufunga, sikuhitaji kuchora. Tayari walikuwa wanauliza kama tunaweza kupata mende wa mjini waliopuliziwa dawa kwa miaka na kuwalinganisha na wa kijijini. Swali zuri. Bado tunalifanyia kazi, na kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba mende wa mjini na wa kijijini wote ni wa aina moja, umri unaolingana, na wamelishwa sawa.

Kuna jambo jingine la pareto linalofaa somo la muhula mzima: jamii hii ya dawa huuma zaidi neva ikiwa baridi. Ukiwa na barafu, maji ya vuguvugu na kipimajoto, una utafiti.

Kuhusu wanyama, nilikuwa nikitumia chura. Jaribio la chura ni zuri, Luigi Galvani alilianzisha huko Bologna miaka ya 1780, na huonyesha msuli ukiruka kwa namna isiyosahaulika. Lakini ili kulifanya lazima uharibu ubongo na uti wa mgongo wa mnyama mwenye uti wa mgongo, na kwa darasa la shahada ya kwanza sioni tena sababu ya kutosha. William Russell na Rex Burch waliandika mwaka 1959 kanuni tatu ambazo bado ndizo msingi: badilisha mnyama kwa kitu kingine inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Mende tunamlaza kwa barafu kabla ya kumgusa, ingawa kama wadudu huhisi maumivu kwa maana yetu bado kunabishaniwa. Barafu ni rahisi, na shaka inatosha kuwa sababu. Mende mmoja hutoa mguu mmoja au miwili, kisha hurudishwa kwenye chombo chake. Akiwa mchanga, mguu huota tena anapojivua gamba. Mwanafunzi asiyetaka kukata halazimishwi. Anaweza kufanya maabara nzima kwa kuweka elektrodi za kubandika kwenye mkono wake mwenyewe na kusikiliza msuli.

Fedha huzungumzwa sana, nami nitaigusa kwa kifupi. Amplifaya tunayotumia ilitokana na mchoro ambao Greg Gage na Tim Marzullo, waanzilishi wa kampuni ya Backyard Brains huko Michigan, waliutoa hadharani ili kila mtu aweze kujiundia. Shirika la TReND in Africa, lililoanza kozi zake Uganda mwaka 2011, limefundisha wahadhiri wengi kuunda vifaa vya namna hiyo. Fundi wa redio mwenye solda nzuri anaweza kukuundia chako ukimpa mchoro. Kinachokosekana mara nyingi ni saa za ratiba na fundi wa maabara anayethaminiwa. Saa mbili hazitoshi kukosea na kurudia, na kama hakuna nafasi ya kurudia, mwanafunzi atanakili.

Muhula huu tumeingia ziwani. Katika Ziwa Victoria na mito inayoingia humo anaishi samaki wa mdomo mrefu kama mkonga, Mormyrus kannume. Wavuvi wanamjua kwa sura. Hawajui, na mimi sikujua hadi nikiwa mtu mzima, kwamba samaki huyu hutoa umeme hafifu mchana na usiku na kuhisi kwa ngozi yake jinsi vitu vinavyoupotosha ili kutambua kilichomzunguka kwenye maji ya matope. Hans Lissmann alionyesha mwaka 1951 kwamba samaki mwingine wa Afrika, Gymnarchus niloticus, hutoa umeme wa namna hiyo bila kukoma. Kwa hiyo ziwa letu limejaa neva zinazozungumza, na zimekuwa zikizungumza chini ya mitumbwi ya Dunga muda wote huu.

Mvuvi mmoja alituletea samaki huyo akiwa hai ndani ya ndoo. Tulimweka kwenye beseni kubwa la plastiki lenye maji ya ziwa, kwenye chumba chenye giza, na bomba la plastiki la kujifichia. Nyaya mbili za shaba majini, amplifaya ileile, hakuna mguu uliokatwa, hakuna pini. Mwanzo ilikuwa mvumo wa stima tu, na sikusema kitu. Kundi likazima taa, likachomoa chaja, likasokota nyaya. Kisha tukasikia: tik… tik… tik-tik… tik. Alikuwa amepumzika ndani ya bomba lake. Mwanafunzi akashusha kipande cha plastiki majini taratibu, sentimita kumi kutoka kwake. Tik-tik-tiktiktiktik.

"Andika saa," nikasema, lakini mwenzake alikuwa ameshaandika, na pembeni ameongeza kwa wino: *rudia na fimbo ya chuma, halafu na mkono mtupu bila kugusa maji, ili tujue kama amehisi kitu au amehisi mawimbi ya maji.*